Mama Yangu Alifariki Kwenye Somo la Tano

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, na unisamehe barua ikiwa ndefu, maana nikianza kusema haya siwezi kukata katikati.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza nchi za nje, na nikisema hivyo watu nyumbani wanapiga vigelegele, lakini kazi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la magodoro, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, ukutani kuna picha ya treni ya nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na mimi nimesimama mbele ya watoto naimba habari za mvua na jua huku naruka kama niliyepagawa. Mwenye uso kwenye bango la nje siyo mimi. Ni mwenzangu mmoja tunamwita Bango, zamani alikuwa mpishi wa meli, na kwao Kiingereza wanakisikia kwenye filamu tu kama watu wengine, ila ana macho ya bluu na nywele za rangi ya mahindi, basi siku wazazi wakija anatolewa mbele, anasema vizuri sana, vizuri sana, halafu anarudi ngazini kuvuta sigara, mimi nabaki nafundisha.

Shida ni kwamba shule imewaahidi wazazi walimu waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Mkurugenzi aliponiajiri alinitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Wewe itabidi tukutungie historia." Akanitungia. Eti mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikachukuliwa na Waingereza wawili wazee, nikalelewa kwenye nyumba yenye bustani. Nilicheka, Shangazi. Nilidhani ni maneno ya kwenye tangazo tu, nikasaini. Kumbe historia hiyo ikafanywa Somo la Tano, somo la kusikiliza, nikarekodiwa kwa sauti yangu mwenyewe, polepole, kwa upole, na kila muhula watoto wanasikiliza halafu nawauliza mama wa mwalimu yuko wapi, wao wanaitikia kwa pamoja kwamba alifariki, nami nawaambia vizuri sana. Kuna mmoja alinichorea mama yangu yuko mawinguni ana mabawa, akanikumbatia, picha nikaibandika ukutani, ningefanyaje.

Mama yangu yuko hai. Ni mgonjwa wa ini, hospitali wamesema arudishwe nyumbani, na wewe ni mtu mzima unajua maana yake. Anauguzwa na wifi yangu, mke wa kaka. Tangu alale amekuwa akisema amekosa sauti yangu, kuongea kwenye simu kunamchosha, basi mimi kwa kiherehere changu nikamtumia wifi masomo yote niliyorekodi, yote kwa mkupuo, bila kukumbuka kwamba la tano limo humo humo. Wifi akayatia kwenye redio ndogo ya kadi, akaiweka karibu na mto. Mama hajui Kiingereza, shule hakufika mbali, anajua salamu na neno la Kiingereza la mama, kwa sababu nilipoanza kujifunza utotoni nilikuwa namwita hivyo kwa maringo, naye anacheka mpaka anakaa chini. Katika masomo yote hayo, Shangazi, amechagua la tano. Analirudia kutwa nzima. Majirani wakija kumjulia hali anawaambia wanyamaze kwanza. "Hapo, hapo! Mmesikia? Ananitaja mimi huyo!"

Aliniuliza mwenyewe kwenye simu, "Mwanangu, unawaambia nini watu wa watu habari zangu? Mbona unasema kwa upole hivyo?" Nikajibu nawaambia ulivyonilea. Akasema, "Nilijua." Nilikaa chooni shuleni nikalia na bomba la maji nimelifungua ili wasinisikie.

Sasa amemwomba wifi amtafsirie, sentensi kwa sentensi, anataka kulielewa lote. Wifi anafanya kazi mapokezi kwenye zahanati, Kiingereza anakijua. Alikuwa hajawahi kulisikiliza kwa makini, siku hiyo akalisikiliza. Akatoka nje, akanipigia. "Wifi, hiki ni nini? Umemzika mtu ambaye mimi namgeuza kitandani kila siku?" Akasema, "Nimemwambia betri zimekwisha. Nitasema betri mpaka lini?"

Nikaenda kwa mkurugenzi kuomba ruhusa ya kwenda kumuuguza mama. Hata hakuinua macho. "Mama yupi? Wazazi wote hapa wanajua mama yako alishafariki. Niwaambie nini, kwamba mama mmoja anafariki mara ngapi?" Akasema ningoje mitihani iishe, na nikiondoka kabla ya hapo nisirudi, na kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii, na mshahara huu ndio unaonunua dawa za mama. Bango alinisikia, akanipa sigara. Mimi hata sivuti.

Shangazi, nimwambie mama ukweli kwa simu, au nimbembeleze wifi amtafsirie uongo mzuri ili aondoke na furaha yake? Nishike lipi?

Ni mimi,
Yatima wa Mkataba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, ingawa mkono unaniwasha.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, na nakujibu na hasira zangu kwa sababu kulia umeshalia wewe vya kutosha.

Nikuondolee kwanza mzigo usio wako. Shule inayomtoa mpishi wa meli mbele za watu na kukuficha wewe unayefundisha, aibu ni yake. Historia hukuitunga wewe. Lakini uliisoma kwa sauti yako, ukauliza maswali, ukawasifu watoto kwa kupatia. Hapo usinitazame kwa jicho la kuomba huruma, sina.

Unaniuliza umwambie au umdanganye. Barua ndefu yote hiyo, hujaniuliza hata mara moja kama urudi nyumbani. Umeniwekea mkurugenzi, mitihani, kibali, dawa. Dawa gani? Si umeandika mwenyewe kwamba hospitali wamemrudisha? Zilizobaki ni za kupunguza maumivu, na hizo kaka yako atazitafuta, akishindwa wale majirani wanaonyamazishwa wasikilize redio watachanga. Kitu ambacho hakuna wa kumchangia mama yako ni wewe.

Kwa simu usimwambie. Habari kama hiyo haisemwi kwa mtu asiyeona uso wako. Na wifi usimtume kudanganya. Yule mwanamke anamwosha mama yako na kumlisha, na wewe unataka umtwike na hilo? Hebu muogope Mungu.

Chukua simu yako leo hii, uketi mahali penye utulivu, urekodi somo jipya. Kiingereza kile kile, upole ule ule. Sema mama yangu yuko hai. Sema alivyokuwa anacheka mpaka anakaa chini. Lile neno analolijua liweke kwenye kila sentensi, mpaka achoke kuwanyamazisha majirani. Mtumie wifi, amtafsirie neno kwa neno bila kuona haya, na lile la tano alifute. Mwombe wifi msamaha kwanza, tena kwa adabu.

Kisha peleka funguo za darasa kwa mkurugenzi. Ruhusa usiombe tena, ulishaomba ukanyimwa. Kazi itakwenda, kibali kitakwenda, utafika nyumbani na begi moja na watu watasema ulishindwa maisha. Waache waseme. Sikudanganyi kwamba utapata nyingine, sijui kama utapata.

Ukifika, keti kitandani kwake. Akiuliza ulikuwa unawaambia nini watu wa watu, mwambie yote, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wako, na akilia uwepo hapo umfute machozi. Asipouliza, usijitue mzigo kwa kumbebesha mgonjwa. Mgeuze, mwoshe, mpokee wifi yako naye alale.

Ile picha ya mawinguni ibandue ukutani kabla hujatoka. Halafu kimbia, mwanangu, kimbia wakati Somo la Tano bado ni uongo.