Kidude cha Mtandao Nilichokichomoa

Mwenzangu, nimekichomoa kwa mkono wangu mwenyewe!

Kaka yangu, yule aliyelazwa ng'ambo, tulikuwa tunaongea kwenye kompyuta ya mjukuu kabla hajaingizwa kupasuliwa. Mimi na kitambaa changu, nafuta vumbi. Akacheka: "Mdogo wangu, hata nikikuaga mikono yako haitulii?" Kisha akasema: "Sikiliza, kuna neno nataka..."

Nikaona kidude kinawakawaka ubavuni mwa mashine. Nikakichomoa nikifute. Nikakichomoa!

Mashine ikalia, ikaandika: "Kifaa cha mtandao kimeondolewa." Kaka akaganda, akapotea.

Mjukuu akaruka: "Bibi, hicho ndicho kinacholeta mtandao! Rudisha!" Nikarudisha. Ikalia tena, ikakitambua papo hapo. Tukapiga. Akapokea nesi: "Tumeshamwingiza."

Hakutoka, mwenzangu. Wamepiga simu sasa hivi.

Mjukuu ananieleza, eti mashine inalinda kila tundu lake: kitu kikiingia inakiuliza wewe nani, kikitoka inajua saa ileile.

Unanijua kwa vitendawili. Nimebaki na hiki, na wa kunitegulia ndiye huyo kaondoka: lilikuwa neno gani?