Mbuzi Niliyemtaja Darasani

Jumamosi, 6 Septemba
Muhula umeanza, na viti vya darasa letu Thika bado vinauma mgongo. Miaka yote hii nafundisha dini sekondari hapa Ruiru, kumbe kuwa mwanafunzi ni kazi ngumu hivi! Dakta anayetufundisha muhula huu ni mama mkali, hacheki. Somo: dini ya Kiafrika na kanisa la leo. Nimelipenda. Mwenzetu mpya ni mchungaji kutoka Bungoma, Wafula. Kimya, thermos ya chai chini ya kiti. Nimembandika jina la Baba Thermos. Mume wangu, Baba Wanjiru, ameuliza kama hii digrii yangu itaisha kabla Yesu hajarudi. Nimecheka nikamwaga chai.

Jumatano, 10 Septemba
Dakta alitaka mfano hai, si wa kitabuni. Kimya. Mimi kimya cha darasani sikiwezi. Nikasema namjua mwanamume, Mkristo kabisa, aliyetoa mbuzi kwa baraza la wazee wa Kikuyu, kisirisiri. Binti yake anaposwa. Bila huyo mbuzi asingeruhusiwa kuketi na wazee wenzake siku ya kuzungumza mahari. Kanisa lake linakataza, na anayepatikana hutengwa. Jina sikulitaja. Nikaongeza tu kwamba ana duka la mabati mtaa wa Kimbo na anaimba besi kwenye kwaya.

Ya nini kuongeza hayo? Najua ya nini. Wote walikuwa wananisikiliza. Dakta akasema huo ndio utafiti, nami nikafura kama andazi. Nilipofika nyumbani Baba Wanjiru alikuwa amenipashia githeri. Nilikula bila kumwambia.

Jumapili, 14 Septemba
Ngai! Leo kanisani tumetambulishiwa mchungaji msaidizi mpya. Wafula. Nilitamani benchi linimeze. Baada ya ibada mzee wa kanisa akamzungusha kusalimia watu. Walipofika kwa mume wangu akasema, huyu ndiye besi yetu, mwenye duka la mabati pale Kimbo. Baba Wanjiru akampa mikono miwili, akamkaribisha chai nyumbani. Wafula akaniangalia mimi. Mara moja tu.

Jumatano, 17 Septemba
Wafula alinisubiri nje ya darasa. Aliniita mama, macho chini. Amewaambia wazee wa kanisa. Alikula kiapo kuchunga kundi, hawezi kujua na kunyamaza. Hakuwatajia amesikia kwa nani. Nilitaka kumzaba kofi, haki. Lakini aliyefungua mdomo ni mimi. Sikuingia darasani. Nilizunguka sokoni nikanunua nyanya ambazo hatuzihitaji.

Ijumaa, 19 Septemba
Jana wazee wa kanisa walimwita Baba Wanjiru. Wakamuuliza, akakubali. Huyu mtu hajui kudanganya, hata bei ya misumari. Ametengwa na Meza ya Bwana na joho la kwaya wamelichukua, mpaka atubu mbele ya kanisa. Anasema hatatubu kwa kuketi kama baba kwenye mahari ya binti yake.

Anataka kujua ni nani alisema. Anamshuku Kamau, mdogo wake, aliyemsaidia kumleta mbuzi. Hapokei simu zake. Naogopa. Nikinyamaza hatajua kamwe. Nimeshinda na hilo wazo siku nzima, na vile lilivyo tamu linanitia aibu.

Jumapili, 21 Septemba
Nimemwambia. Alikuwa anapiga viatu rangi, vile vya kanisani, ingawa hakuenda. Nimemwambia yote, hata duka, hata besi. Aliendelea na brashi muda mrefu.

“Ulisema ili upate maksi?”

Ningeweza kumwambia ni elimu, ni mjadala, ni nini sijui. Nikasema ndiyo. Akampigia Kamau hapo hapo, akamwomba msamaha. Mimi hajanisemesha tena.

Jumatano, 24 Septemba
Nyumba imenuna. Asubuhi nilimwambia naacha somo. Nilidhani atapoa. Woi! Alipandwa na hasira kuliko Jumapili. Mbuzi ameliwa, kwaya imekwenda, “na sasa hata hizo maksi huzitaki?”

Nikabeba mkoba nikaenda Thika. Wafula alinimiminia chai bila kuniuliza. Nimeinywa. Bado nina hasira naye. Dakta aliuliza nani ana mfano. Niliuma ulimi.

Jumapili, 28 Septemba
Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Baba Wanjiru alivaa suti akaenda. Waliotengwa hukaa benchi la nyuma, na sinia ya mkate haifiki huko. Walikuwa wawili, yeye na msichana mmoja mjamzito. Mimi nilikaa mahali pangu pa siku zote, mbele, na akina mama wenzangu. Kwaya iliimba. Bila besi yake, wimbo ulikosa sakafu.

Sinia ilipokaribia benchi letu niliinuka. Viatu vyangu vilipiga kelele njia nzima hadi nyuma, watu wakigeuka. Mbele, Wafula aliendelea kusoma.

“Rudi mbele,” Baba Wanjiru akaninong'oneza. “Wewe hujatengwa na mtu.”

Nikamwambia asogee.

Hakusogea. Halafu akaiondoa Biblia yake iliyokuwa kando yake, akaiweka magotini. Nikakaa.