Siku Sianoi Hakurudishwa

Mpendwa Nashipae,

Hapa Kitengela hatujambo, na mguu wa mama yako umepona. Umeuliza kama huo mswada mnaoandika huko Nairobi utasaidia mwanamke anayepigwa, ama utabaki karatasi tu.

Nilipokuwa nimeolewa juzi tu Kajiado, jirani yetu Sianoi alimshtaki mumewe kwa baraza la chifu. Yaliyompata sitayarudia. Wazee walimwambia arudi nyumbani avumilie. Nikasimama, nikawaambia wazee:

"Leo asirudi. Atalala kwetu."

Nilidhani mama mkwe atanikemea. Akainuka polepole, akasema, "Boma yetu iko na nafasi." Hapo wanawake wote wakasimama.

Chifu alitutazama, kisha akamgeukia yule mume. "Usimfuate."

Hakumfuata. Sianoi alilea watoto wake kwa amani, na mwezi jana aliongea wa kwanza kwenye kikao cha maoni ya mswada wenu.

Neno la chifu lilishika kwa sababu tulikuwa wengi. Nyinyi andikeni sheria itakayoshika hata kwa yule ambaye hana wa kusimama naye. Mtaweza.

Nyanya yako anayekuombea,
Koko