Printa Inayopona kwa Fundi na Kuugua Sebuleni

Shangazi Kalekye, nakuandikia nikiwa nimefika mwisho, tafadhali nijibu kabla sijaibeba hii printa nikaitupa mtaroni.

Mimi ni mama wa hapa Kawangware, mtaa wa 56, na hii printa niliinunua zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, nikaacha kazi ya kufulia watu nguo kule Riruta Satellite, nikaanza kuchapa nyumbani vijitabu vya programu za mazishi na za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za jirani, na Shangazi, mambo yalikuwa yanaenda vizuri, hata mama mkwe aliposikia huko Vihiga akafurahi, akanifumia kitambaa cheupe cha kufunika mashine, chenye maua na nyuzi za kuning'inia, kama vile alivyotufumia vya makochi na vya TV, sasa sijui nani alitutupia jicho kwa sababu tangu wakati huo printa haina amani, inavuta karatasi upande, inakwama, na ikikubali inaacha mstari mweusi katikati ya ukurasa.

Kinachoniua ni kwamba nikiipeleka kwa fundi Isaac hapo steji, anaifungua, anaipanguza, anachapa mbele yangu na inatoka safi kabisa, nikiirudisha nyumbani siku chache tu inaanza tena, Isaac mwenyewe ameniambia, "Mathe, hii mashine iko poa, labda ni stima ya ploti yenu," nikanunua kifaa cha kuilinda umeme ukirukaruka, wapi, pasta akaja akaiombea, wapi, nikaanza kumshuku jirani yangu Wangoi kwa sababu mlango wake unatazamana na wangu na kila mara huniuliza biashara inaendaje, sasa hatusalimiani.

Juzi ndiyo ilinivunja. Familia moja ya Kisumu Ndogo kule Kibera ilinipa kazi ya programu ya mazishi, na mstari ukapita juu ya uso wa marehemu kwenye picha. Binti yake, Awiti, akaangalia, akaniuliza, "Kwani baba yangu mmemfuta?" Akalia hapo kwenye kochi langu.

Sasa mume wangu Phanuel anakaa kwa kochi hilo hilo kila jioni akitoa hukumu, "Peleka hiyo takataka kwa watu wa vyuma kuukuu, urudi Satellite kufua," shemeji yangu Lavender anasema ninunue mpya, mimi nataka itengenezwe lakini nimechoka, na Shangazi sitaki kurudi kwa karai, mikono yangu ndiyo kwanza imepona. Na si kwamba siitunzi, naifunika hata nikienda dukani, hata nikichapa sitoi kitambaa, nakikunja tu kwa nyuma, kwa sababu kwetu kitu cha mama mkwe hakitolewi, na yeye hupiga simu ya video bila kutangaza. Nitengeneze, niuze, ama ninunue nyingine?

Kageha, Kawangware.

*

Kageha, mara ya kwanza kusoma barua yako nilikuhurumia. Mara ya pili nikashika kichwa.

Mashine inapona kwa Isaac na kuugua kwako. Je, kwako kuna nini ambacho kwa Isaac hakipo? Umetafuta kwenye stima, umetafuta kwenye maombi, umetafuta mpaka mlangoni kwa Wangoi wa watu, na jibu limelala juu ya mashine, jeupe, lina maua!

Hapo nyuma unapokunja kitambaa ndipo karatasi inapoingilia. Nyuzi zinaingia nayo, pamoja na vumbi lote la 56, zinajizungusha kwenye rola zinazovuta karatasi. Uzi mmoja ukinasa pale wino unapotokea, unaburura wino ukurasa mzima. Huo ndio mstari uliopita juu ya uso wa baba yake Awiti. Isaac anaupanguza, wewe unarudi nyumbani na kuifunika tena kwa mapenzi. Na huyo Isaac naye, hizo nyuzi anazotoa kila mara alidhani zinaota humo ndani?

Usinunue mpya, maana hata hiyo utaifunika. Usiiuze pia. Ipeleke kwa Isaac, atoe kila uzi, asafishe rola, na zilizolika abadilishe. Ukimaliza kazi ifunike kwa boksi. Siku Isaac atakapokuambia gharama ya kuitengeneza ni sawa na ya kununua nyingine, ndipo utafute nyingine, na hii umwachie atoe spea. Mtaroni usitupe kitu. Maji ya mtaro yanapita milangoni mwa watu.

Mama mkwe mpigie wewe kabla hajakupigia. Mwambie, "Mama, kitambaa chako ni kizuri mno, wino utakiharibu." Hautakuwa uongo.

Kwa Wangoi nenda leo, ukaombe msamaha bila kujitetea. Alikuwa akikuuliza habari tu. Kisha chapa picha ya baba yake Awiti, safi, hata kama wameshamzika, uipeleke Kisumu Ndogo kwa mkono wako mwenyewe.

Karai usilirudie, dada yangu. Na kitambaa, kama lazima kifunike kitu kinachokaa sebuleni kila jioni bila kufanya kazi, mfunike Phanuel.