Baba Amekwenda Ngazidja kwa Niaba Yako

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka. Nakuandikia kutoka Maswa, kazini, wagonjwa wamepungua. Tangu tukuzike nimekuwa na neno kifuani, na sasa nimeona bora nikuambie wewe mwenyewe.

Tumekwenda Ngazidja. Mimi na baba.

Najua ungecheka. Miaka yote uliyofundisha jiografia pale Bariadi ulikichora kisiwa kile ubaoni, na mlima wake wa moto katikati, ukasema ukistaafu utakwenda kukiona. Nilipotaka kukupeleka, baba alikuja kutoka kijijini Lingeka akakata shauri: "Mke wangu haendi kulala juu ya moto." Ukaiacha safari. Baada ya miezi mitatu presha ikakuchukua. Sikumsamehe, mayu. Msibani nilimpa chakula bila kumtazama usoni.

Halafu akanipigia simu mwenyewe. "Kabula, ile safari ya mama yako, nitakwenda mimi." Nilikubali, lakini si kwa upendo. Nilitaka aone alichokunyima.

Kisiwa hakifanani na ulivyokuwa ukikichora. Kutoka uwanja wa ndege, barabara inapita katikati ya mawe meusi, yamemwagika hadi baharini kama uji uliofurika chunguni ukagandia mekoni. Hakuna hata jani. Ukisonga mbele kidogo unakuta minazi, na mchanga mweupe unaoumiza macho. Baba alichota maji ya bahari, akayaonja, akatema. "Haya hata mbuzi hanywi." Kaskazini tuliona ziwa la kijani ndani ya shimo la volkano, hatua chache tu kutoka baharini, na lenyewe lina chumvi.

Alipopapenda ni Diboini, nyanda za juu zenye vilima vya mviringo, nyasi mpaka magotini. Kila ng'ombe amefungwa kamba yake peke yake. Baba alishangaa sana. Akamwuliza mama mmoja mwenye ng'ombe, "Mto uko wapi?" Mama yule hakuelewa mpaka baba alipotaja maji. Akatuonyesha birika la saruji pembeni ya nyumba. Kisiwa kizima hakina mto, mayu. Mvua yote inanywewa na mawe, watu wanakinga maji ya mapaa. Hata hivyo alitutekea kikombe kimoja kimoja, tukanywa amesimama, akingoja tumalize. Baba alikishika kikombe kile kwa mikono miwili.

Siku ya tano tukaanza kupanda Karthala, ule mlima wa moto, alfajiri, na kijana wa pale wa kutuongoza. Kwanza migomba, kisha msitu wenye ukungu, miti imevaa kuvu kama manyoya, baridi hata ukasahau uko kisiwa cha joto. Msitu ulipoisha, vikaanza vichaka vifupi na majivu. Hapo magoti ya baba yakagoma. Akakaa juu ya jiwe.

"Nenda wewe," akasema. "Mimi ndiye niliyemzuia. Nitabaki hapa."

Nikaenda. Kweli nilimwacha, mayu. Sikufika mbali nikamsikia anazungumza Kisukuma, nikadhani ananiita. Kumbe anazungumza na wewe. Alikuwa anakwambia kwamba hakuogopa moto. Aliogopa ungeona dunia, halafu ukirudi, Lingeka na yeye mwenyewe vingekuwa vidogo machoni pako.

Kijana akaniuliza kama tunaendelea. Nikamwambia hapana. Nikarudi nikakaa kando ya baba, tukala mihogo ya kuchemsha tuliyobeba. Hakujua kwamba nimesikia. Sijamwambia hadi leo.

Kwa hiyo kileleni sikufika. Yaliyomo ndani ya shimo la Karthala siwezi kukueleza, nisije nikakudanganya.

Tangu turudi, baba anawasimulia watu mnadani habari za nchi isiyo na mto, wanamwita mwongo. Amekonda kidogo. Anajipikia, na hajui kupika.

Nami hasira imeniisha. Si yote kwa siku moja, lakini imeisha. Nakuahidi hili: kila Jumapili nitakwenda Lingeka, nitakaa naye, na nitakula atakachopika hata kikiungua.

Pumzika, mayu. Alikupenda vibaya, lakini alikupenda.

Mwanao,
Kabula