Neno Langu Kwenye Wimbo wa Tobeni

Jumatatu, 6 Oktoba

Mji wa Crystal, huku ughaibuni, kwa Bibi Inga ninayemtunza. Nimemwogesha, uji, dawa za asubuhi. Wazazi wake walitoka Denmark na redio ya huko haizimwi. Namchana nywele, nasikia mwanamume anaimba Kidenmaki, na kwenye kiitikio: bado, bado, bado. Chanuo likaniponyoka. Sauti imezeeka lakini ni yake. Tobeni.

Jumanne, 7 Oktoba

Bibi Inga anamjua. Denmark nzima inamjua. Mwana wa mpiga kinanda wa kanisani, akakimbilia muziki wa vijana, hakufika popote mpaka wimbo huo. Baadaye koo likamharibikia, akawa anawatungia wenzake. Sasa amerudi jukwaani. Nikauliza, hiyo bado maana yake nini? Bibi akasema ni neno la Kiafrika. Maana yake kamwe.

Kamwe! Nimekasirika mpaka nimeunguza mkate.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niko ofu. Niandike, sijawahi kumwambia mtu.

Diani, hotelini. Mimi mapokezi, yeye anapiga piano kwenye baa. Nikimfundisha Kiswahili. Alitaka kusilimu, anioe, twende kwao. Akaniuliza kwa Kiswahili nilichomfundisha mwenyewe: uko tayari? Nikasema bado. Baba alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, mama yuko katikati ya eda. Ningemwacha vipi na msiba wake nikapande ndege?

Umekula? Bado. Umeolewa? Bado. Ndivyo tunavyosema, hata mtoto anajua. Mwalimu gani mimi, nisimfundishe hilo? Jumapili yake akaondoka bila kuaga. Nikasema huyu alikuwa akinichezea. Miaka thelathini nimemlaumu bure.

Jumatano, 15 Oktoba

Tobeni anaimba Jumamosi, hapa karibu, Saint Paul. Bibi Inga ana tikiti mbili na anataka mtu wa kumsukumia kiti. Nimemweleza Nasra, binti yangu, kasema kwa Kiingereza chake niachane na mambo ya kale. Baba yake tuliachana, yuko Champlin na mke mwingine, simvunjii mtu heshima. Nataka kitu kimoja tu. Ajue sikumkataa.

Buibui nimelipiga pasi mara mbili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukumbi mdogo, wazee wengi. Tobeni mvi kichwa kizima. Wimbo wetu kauweka mwisho na watu wote wakaitikia bado, bado, kwao ni kamwe, na mimi nimekaa katikati yao.

Halafu foleni ya kusainiwa tikiti. Bibi Inga mbele, mimi nyuma ya kiti. Tobeni akaniona. Kalamu ikasimama. Nilikuwa na hotuba nzima, yote ikapotea. Nikamwambia bado si hapana, mama alikuwa edani. Akauliza kwa Kiswahili kibovu: mpaka lini?

Nikasema ilikuwa bado miezi miwili tu.

Akanishika mkono, kwa mikono yake yote miwili. Mkewe akaja na koti lake, mama mpole, akanisalimu. Watu wa nyuma wanangoja. Nikasukuma kiti.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimelia. Basi.

Jumanne, 28 Oktoba

Baridi imeanza. Bibi Inga amekunywa uji wote. Redio ikauleta tena ule wimbo, akataka kuzima kwa ajili yangu. Nikasema auache.

Nasra alikuja kunichukua. Ndani ya gari akauliza kwa Kiingereza kama sasa nimeshamsahau yule mtu. Nikamwambia bado.

Hakuuliza maana yake. Huyu Kiswahili anakisikia.