Nta ya Dubai

Alhamisi, Pasiansi

Bado sielewi kwa nini nta ya kung'oa vinyweleo vya miguu haikuuma leo. Ile ya Krismasi ilinichubua mpaka nikashindwa kuvaa soksi, na Jumamosi hii namsimamia mdogo wangu harusini, gauni lenyewe linaishia magotini.

Mama Koku, mwenye saluni pale Kirumba, alinipaka poda kwanza. Akapima joto la nta kwenye mkono wake mwenyewe, akavuta ngozi yangu ikakaza. Kila akibandua kitambaa, anakandamiza palepale kwa kiganja, na maumivu yanakatika.

"Hii ni nta ya Dubai, mwanangu."

Kopo halikuwa na lebo.

"Mama Koku, mbona inanukia limau?"

"Ndivyo wanavyotengeneza huko." Akageukia redio.

Miguu imetoka laini, hata kipele hakuna. Nilitaka kushukuru nilale. Lakini kuna kitu kinatembea chini ya goti, pale aliposahau kunifuta. Nimesogeza taa. Sisimizi, wamejipanga mstari.

Tangu lini sisimizi wakafuata nta? Sukari na limau hata mimi ninavyo jikoni.